Mng'aro Ulionitia Hofu

Jua la Mombasa hupasua dashibodi na mipira ya milango, nami nikaamua kulikinga gari langu. Jumamosi moja nilinunua dawa ya kung'arisha, nikapaka kila kitu cheusi, hata kanyagio la breki. Jioni, nikikaribia lango la nyumbani, mwanangu alikuja mbio kunilaki. Nikakanyaga breki, kiatu kikateleza! Nilivuta breki ya mkono, gari likasimama mtoto akiwa hatua moja tu mbele.

Siku hizi naosha kwa maji na sabuni, nakausha, natia dawa kidogo kwenye kitambaa, kisha napangusa inayozidi. Usukani, makanyagio na sehemu ya tairi inayogusa barabara sivipaki kamwe. Nawe ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana mapema. Tahadhari kabla ya hatari.