Barabara ya Mang'ola: Ijue Giaboksi ya Land Rover

Ndugu msomaji, twende Mang'ola.

Ukitoka mjini Karatu kuelekea Ngorongoro, unaiacha barabara kuu na kupinda kushoto. Mlima Oldeani unabaki upande wako wa kulia. Njia inateremka. Baridi ya Karatu inakwisha, joto linaanza. Mwendo wa kama kilomita 50 unakufikisha kwenye bonde la Ziwa Eyasi.

Maji ya ziwa hili yana chumvi. Lakini Mang'ola kuna chemchemi za maji yasiyo na chumvi. Wakulima huyapeleka maji hayo kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya vitunguu. Vitunguu vya Mang'ola vinajulikana mbali. Kwa miaka mingi magari ya Land Rover yamebeba watu na mizigo katika njia za huko. Mengi ni ya zamani, lakini bado yanafanya kazi.

Sasa fikiri. Gari limejaa magunia. Giaboksi inakufa njiani. Spea zinauzwa Arusha, na kutoka Mang'ola mpaka Arusha ni karibu kilomita 200. Mtu anatumwa. Anafika dukani anasema, "Nataka spea ya giaboksi ya Land Rover." Mwenye duka anamwuliza, "Giaboksi ya aina gani?" Asipojua, atanunua kwa kubahatisha. Spea nyingi za aina moja hazikai katika aina nyingine. Atarudi Arusha mara ya pili, na vitunguu vitakuwa vinaoza.

Basi tujifunze kuitambua giaboksi.

Kwanza, tazama mikono ya gia. Land Rover za Series, zilizotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1985, zina gia 4 za kwenda mbele. Katika zile za Series II na Series III utaona mikono mitatu. Mkono mrefu ni wa gia za kawaida. Mkono wenye kichwa chekundu ni wa kuchagua mwendo wa kawaida au mwendo wa nguvu. Ukisukumwa mbele ni mwendo wa kawaida. Ukivutwa nyuma ni mwendo wa nguvu, na magurudumu yote manne yanavuta. Simamisha gari kabla ya kuuvuta. Mkono wenye kichwa cha njano ukibonyezwa chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta katika mwendo wa kawaida. Huo hutumika kwenye mchanga na tope.

Pili, mwulize dereva jinsi gia zinavyoingia. Series II na IIA zilitengenezwa tangu mwaka 1958 hadi 1971. Katika hizo, gia ya 3 na ya 4 huingia kwa ulaini. Gia ya 1 na ya 2 hunguruma gari likiwa linatembea, mpaka dereva akanyage klachi mara mbili. Series III ilianza mwaka 1971, na gia zake zote 4 za mbele huingia kwa ulaini. Lakini angalia: giaboksi iliyochakaa hunguruma hata kama ni ya Series III. Kwa hiyo kelele peke yake si ushahidi.

Tatu, hesabu gia. Mwaka 1983 ilikuja Land Rover ya One Ten, yenye springi za mviringo badala ya springi za bapa. Nyingi zina gia 5, na magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Zenye injini ya mitungi 4 zilifungwa giaboksi iitwayo LT77. Mwaka 1994 ilifuata giaboksi iitwayo R380. Utazitofautisha kwa gia ya kurudi nyuma. Katika LT77, gia hiyo iko kushoto, jirani na gia ya 1. Katika R380, iko kulia, chini ya gia ya 5. Ukikuta gia 6 katika gari la ukoo huu wa One Ten, hilo ni la mwaka 2007 au baadaye.

Tofauti hii inahusu hata oili. Giaboksi ya Series hutumia oili nzito ya gia, namba 90. LT77 hutumia oili nyepesi iitwayo ATF. Usimruhusu mtu kumimina oili kabla ya kujua aina ya giaboksi.

Nne, na hili ndilo kubwa: usitegemee kadi ya gari wala boneti. Gari la zamani limepita mikononi mwa watu wengi. Boneti inaweza kuwa ya gari moja, injini ya gari jingine, na giaboksi ya gari la tatu. Kadi haitakwambia hayo. Isome giaboksi yenyewe. Futa vumbi na oili kwa kitambaa na brashi. Utaona namba iliyogongwa kwenye chuma. Katika giaboksi za Series, namba hiyo huishia kwa herufi moja, kama A, B au C. Herufi hiyo si pambo. Inaonyesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani, na spea nyingine hufuata herufi hiyo.

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji fundi. Inahitaji mtu anayejua kusoma, nawe unajua. Kama kijiji chenu au chama chenu kina Land Rover, chukueni daftari leo, wakati gari ni zima. Andikeni idadi ya gia, mahali ilipo gia ya kurudi nyuma, aina ya oili, na namba yote ya giaboksi pamoja na herufi yake. Daftari hilo likae ofisini, na nakala yake ikae kwa dereva. Siku gari litakapokwama njiani, atakayetumwa Arusha aende na karatasi hiyo mkononi.