Taarifa ya Saa Moja

Inapokaribia saa moja jioni, Mosocho huanza kutulia. Magari yatokayo Kisii kuelekea Oyugis hupungua, moshi wa jikoni hupanda taratibu juu ya migomba, na katika boma moja lililo chini kidogo ya barabara mwalimu mstaafu huvuta kiti chake karibu na runinga. Wajukuu wanajua kwamba ukishasikika muziki wa taarifa ya habari hapana ruhusa ya kuzungumza mpaka matangazo ya biashara yaingie. Siku hizi hawasubiri sana.

Mwalimu huyu ana daftari. Tangu alipostaafu amekuwa akiugawa kila ukurasa kwa mstari wa wima: upande wa kushoto huandika yaliyosemwa, upande wa kulia huandika aliyojifunza. Upande wa kushoto hujaa kila jioni. Wa kulia hubaki mweupe.

Si kwamba zamani kulikuwa peponi. Anaikumbuka vyema enzi ya Sauti ya Kenya, ambapo habari ya kwanza ilikuwa rais, na ya pili ilikuwa walioitikia aliyoyasema rais. KTN ilipoanza mwaka 1990, kikiwa kituo cha kwanza cha binafsi nchini, watu walidhani mlango umefunguka, na kwa kiasi fulani ulifunguka kweli. Baadaye kikaja kipindi cha Jicho Pevu, kwa Kiswahili, na mwalimu akawa akiwaita majirani waje kutazama. John-Allan Namu, aliyefanya upekuzi pamoja na Mohammed Ali katika kituo hicho, aliondoka akaanzisha Africa Uncensored mwaka 2015. Mohammed Ali naye akachaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Mpekuzi akageuka mpekuliwa!

Kinachomkera mzee zaidi ni lugha, kwa maana Kiswahili ndicho alichofundisha maisha yake yote. Hapo awali alifurahia jinsi wanahabari wa Kiswahili walivyozipamba taarifa zao kwa methali na vina. Sasa anaona pambo limekula nguo. Basi likianguka, ataambiwa kwamba wingu la simanzi limetanda na kwamba mkono wa mauti umebisha hodi. Hataambiwa basi lilikuwa na hitilafu gani, lilikaguliwa lini, wala kwa nini mahali pale pale paliua mwaka uliotangulia. Tamathali imekuwa kichaka cha kujifichia kazi isiyofanywa.

Hata hivyo, mzee hawalaumu vijana peke yao. Wengi wa wanaoleta habari za mashinani hawana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayopeperushwa. Mtu wa namna hiyo atakesha akifuatilia hesabu za kaunti kwa mwezi mzima, au ataenda matangani ambako mwanasiasa hatakosa kumtukana mwenzake? Fedha za matangazo nazo zimehamia kwenye intaneti, na serikali, ambayo ni mtangazaji mkubwa, hulipa madeni yake ipendavyo.

Machi 2024, msimu wa kupanda mahindi, runinga ilikuwa imekwisha kumwonyesha mara nyingi malori ya mbolea ya ruzuku yakipungiwa mikono na wakubwa. Bei ilitajwa, waliohudhuria wakatajwa. Kilichomo ndani ya gunia hakuna aliyekiuliza. Mzee alinunua magunia mawili, na moja lilikwisha kuingia udongoni siku mjukuu alipomletea simu na kumwambia, "Guka, hebu tazama hii." Ilikuwa kazi ya upekuzi ya Africa Uncensored kuhusu mbolea duni iliyouziwa wakulima kupitia mfumo huo wa ruzuku.

Baadaye taarifa ya saa moja iliipokea habari hiyo, lakini iliipokea kama pambano. Je, Waziri Mithika Linturi atang'oka? Mei kamati ya Bunge ikamwondolea lawama. Julai akaondoka pamoja na karibu mawaziri wote baraza lilipovunjwa. Daftarini, kushoto, yote hayo yamo. Alichotaka mzee kilikuwa kidogo tu: gunia la namna gani, litambulikeje, lirudishwe wapi. Hilo hakulisikia jioni aliyolihitaji. Mahindi yaliota manjano.

Ajabu ni kwamba hajaizima runinga. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamuru vituo visitishe kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati, aliketi mbele ya kioo kitupu akiwa na kalamu mkononi. Asiye na la kusema hazibwi mdomo, aliwaambia wajukuu, kisha akakaa kimya muda mrefu. Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, aliandika upande wa kulia. Aliandika tarehe, saa na majina ya vituo vilivyozimwa.

Kesho yake saa moja kasoro dakika tano alikuwa kitini, mkono ameuinua, akiwanyamazisha watoto.