Saa tisa ya nani?

Katika idara yetu ya Kiswahili hapa Bukavu tunafundishwa kwamba kutafsiri ni kuhamisha maana, si maneno. Sikutegemea kukutana tena na somo hilo ndani ya mistari kumi na tano ya JavaScript, ile lugha ambayo kurasa za wavuti huitumia kwa kazi ndogondogo: kufungua menyu, kukagua fomu, kuonyesha saa. Nimekutana nalo kwa sababu ya rafiki yangu wa darasa aliyekosa kazi kwa ajili ya neno "saa".

Alikuwa ameomba nafasi ya kutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, katika shirika moja ambalo ofisi yake iko nchi jirani, upande wa mashariki. Walimwita kwa mahojiano ya simu. Ukurasa wao ulikuwa kwa Kiswahili kizuri, nao ulimpangia: Jumanne, saa 9:00. Yeye ni mtoto wa Uvira. Tangu alipoanza kusema, saa tisa ni wakati jua linapoelekea milimani na watoto wamekwisha kutoka shule. Akajiandaa kwa alasiri. Simu ikaita saa mbili ya asubuhi, yeye akiwa soko la Kadutu na simu ikiwa nyumbani kwenye chaji. Hawakupiga mara ya pili. Alipowaandikia kueleza, walimjibu kwa heshima kwamba nafasi imekwisha kupata mtu.

Nilimwomba anionyeshe ukurasa ule, na tuliusoma pamoja kama tunavyosoma matini darasani. Neno "saa" liliandikwa na mtu. Ile 9:00 iliandikwa na mashine, kwa hesabu ya kizungu, yaani saa tatu ya asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa mbili kwa kuwa wao wametutangulia kwa saa moja. Vitu viwili hivyo viligandishwa pamoja bila mtu kuvisoma kwa sauti. Nililomwambia rafiki yangu halikumfariji, lakini ni kweli: angalikuwa hajui Kiswahili, angalisoma "neuf heures" na kuchelewa saa moja tu, labda wangalimsubiri. Kiswahili chake ndicho kilichompoteza kwa saa saba.

Tangu hapo nimetaka kujua mashine inapata wapi saa yake.

Yenyewe haijui saa tisa ya mtu yeyote. Ukiandika katika skripti maneno "new Date()", kivinjari kinaiuliza saa ya simu au kompyuta, kisha kinakurudishia namba moja ndefu: hesabu ya milisekunde tangu usiku wa manane kuingia tarehe 1 Januari 1970, kwa majira ya kimataifa yanayoitwa UTC. Kwa wakati mmoja, namba hiyo ni ileile Bukavu, Kinshasa na Tokyo. Haina asubuhi wala jioni. Mengine yote, kuanzia siku na mwezi hadi saa na dakika, ni usemi uliojengwa juu ya namba hiyo, na usemi una lugha na mahali. (Jambo moja kwa wanaotumia saiber: namba hiyo ni ya kweli kadiri saa ya kifaa ilivyo ya kweli. Mashine ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka kila asubuhi ikiamini mwaka wa zamani, na ukurasa utaamini pamoja nayo.)

Mahali kwanza. Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa na magharibi wako saa moja mbele ya UTC; sisi wa Kivu, pamoja na Katanga, Maniema, Ituri, Kisangani na hata Kasai, tuko saa mbili mbele. Haikugawanywa ovyo: Kinshasa iko karibu na nyuzi 15 mashariki na Bukavu karibu na nyuzi 29, na jua huchukua saa moja kusafiri nyuzi 15. Katika orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta za dunia, Kongo ina majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Bukavu haimo, wala Goma; sisi wote kwa mashine ni Lubumbashi. Na Lubumbashi yenyewe siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye Maputo, kama vile Kinshasa inavyoelekeza kwenye Lagos. Rwanda na Burundi wana saa yetu. Lakini panda mashua Kalemie uende Kigoma, ng'ambo ya ziwa, utakuta wametangulia kwa saa moja, na Uganda vilevile. Kiswahili ni kimoja pande zote mbili za Tanganyika. Saa si moja.

Kisha lugha. Hapa ndipo nilipoketi usiku kadhaa. Kugeuza saa ya mashine kuwa yetu ni hesabu ya mtoto wa shule: ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua baki, baki ikiwa sifuri, sema kumi na mbili. Tisa na sita ni kumi na tano, baki tatu: saa tatu. Kumi na nane na sita ni ishirini na nne, baki sifuri: saa kumi na mbili ya jioni. Inafaa vizuri kwa sababu huku kwetu, karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa ileile mwaka mzima, na anayehesabu tangu mapambazuko hadanganyiki. Waamhara wa Ethiopia nao wanahesabu hivyo. Hata katika Matendo ya Mitume, Petro anapowatetea wenzake kwamba hawajalewa kwa kuwa ni saa tatu tu, Mfaransa anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Bibi yangu hayahitaji.

Ugumu ulianza kwenye dakika. Mashine inasema 9:45. Sisi tunasema saa nne kasoro robo, maana yake baada ya nusu inabidi kuruka kwenda saa inayokuja na kuhesabu kinyumenyume. Nayo 12:45 ya mchana inakuwa saa saba kasoro robo, ingawa mashine bado iko kwenye kumi na mbili na mzungumzaji wa jana alikuwa bado kwenye sita. Kwa hiyo lazima kwanza uamue dakika zitasemwa vipi, ndipo uhesabu saa. Sarufi inatangulia hesabu. Mwalimu wetu alicheka sana nilipomwambia hivyo.

Siku za juma zilinipa furaha nisiyoitarajia. JavaScript inahesabu siku kuanzia sifuri, na sifuri ni Dimanche. Lundi ni moja, Mardi ni mbili, Mercredi tatu. Lakini hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani! Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tano. Kisha siku ya posho, na yenga ndiyo sifuri, siku isiyohesabiwa kwa sababu ni ya kupumzika. Kiswahili sanifu, ambacho kinaanza kuhesabu Jumamosi, kinaiita Lundi Jumatatu. Hivyo "siku ya tatu" ya mama yangu na "Jumatatu" ya kitabu chetu zina tatu moja, na zimeachana kwa siku mbili. Kwa mara moja, mashine ya Marekani ilikuwa upande wa mama. Furaha haikufika mbali: miezi nayo inaanza sifuri, kwa hiyo mwezi wa kwanza ni sifuri na wa kumi na mbili ni kumi na moja, huku tarehe ndani ya mwezi ikianza na moja. Mpango huo JavaScript iliurithi kutoka lugha ya Java mwaka 1995, ilipotengenezwa kwa haraka, na haiwezi kuubadilisha tena kwa kuwa kurasa zisizohesabika zimejengwa juu yake.

Wengine wataniambia: kuna njia fupi, mwachie kivinjari akuandikie. Ni kweli. Unampa namba, unampa jina la kanda, unampa msimbo wa lugha, naye anapanga. Kiswahili kina msimbo wake, sw, na cha kwetu kina sw-CD, nami nilipouona niliona fahari kidogo. Majina ya siku na miezi unapata. Lakini omba saa moja ya asubuhi kwa msimbo wowote kati ya hiyo, itakuandikia 7. Maneno ni ya kwetu, hesabu si ya kwetu. Rafiki yangu alitegwa na mchanganyiko kama huo, na nadhani mtengenezaji wa ukurasa ule aliamini kwamba akiisha kuchagua lugha, kazi ya lugha imekwisha.

Mwezi uliopita idara ilitaka ratiba ya kutetea kazi za mwisho iwekwe kwenye ukurasa wa wanafunzi, nasi wawili tukaomba tuifanye. Jopo lina mjumbe Kinshasa na mwingine Ubelgiji, wote kwa video. Wabelgiji wanasogeza saa zao Dimanche ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Dimanche ya mwisho ya Oktoba. Nusu ya mwaka wako sawa na Kinshasa, nusu nyingine wako sawa na sisi. Ndiyo maana hatuongezi wala kupunguza saa kwa mkono. Kila utetezi umehifadhiwa kama namba moja ya UTC, na skripti inauliza kanda kwa jina.

Tulibishana juu ya maandishi. Mimi nilitaka "saa 3:00" kwa wa hapa na "9 h 00" kwa wajumbe. Yeye alikataa kabisa. Alisema: "Neno saa lisisimame mbele ya tarakimu hata mara moja. Mtu akiona tarakimu hajui ni saa ya wazungu ao ya kwetu." Nilijibu kwamba maneno yatajaza kisanduku kwenye simu ndogo. Akasema kisanduku kipanuliwe. Basi sasa ukurasa unaandika saa ya Kiswahili kwa maneno, pamoja na mji: saa tatu ya asubuhi, Bukavu, saa mbili ya asubuhi, Kinshasa. Chini yake, kwa Kifaransa, tarakimu peke yake. Siku tumeiandika Jumatano, na "mercredi" chini, kwa sababu "siku ya tatu" ingemkimbiza mwanafunzi wa Kigoma hadi Jumatatu.

Limebaki jambo la vipindi. Asubuhi, mchana, jioni na usiku tuliviwekea mipaka bila ugomvi mwingi, ila kati ya saa tisa na saa kumi na moja kabla ya mapambazuko hatujapatana: yeye anasema "ya usiku", kama wanavyosema Uvira, mimi napenda "alfajiri" ya vitabu, mwalimu anasema tuwaulize wazee. Hakuna anayetetea kazi yake saa kumi ya usiku, kwa hiyo mstari huo kwenye skripti tumeuacha wazi.