Dawa ya macho ya mtoto ilivyomponza mama

Kila Desemba, chumba cha mbele cha nyumba moja ya Mbagala, Dar es Salaam, hugeuka kiwanda cha sare. Shule hufunguliwa Januari, wazazi hukumbuka wiki ya mwisho, na mama mwenye cherehani hukaa mpaka saa saba usiku akishona sketi za bluu ya giza kwa uzi wa bluu ya giza, feni ikimpuliza usoni. Akipumzika, anapumzika na simu, maana wateja wanatuma vipimo kwa WhatsApp na wanataka majibu.

Desemba iliyopita alikuwa na miaka 43. Kufikia wiki ya pili macho yalianza kumchoma kama yana mchanga, na asubuhi yalikuwa mekundu kiasi kwamba binti yake wa darasa la sita alimuuliza, "Mama, ulikuwa unalia?" Jirani alimshauri atie maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Hilo alilikataa, na alifanya vyema. Lakini juu ya kabati la vyombo kulikuwa na chupa ndogo ya matone. Ilikuwa ya mtoto wake wa mwisho, ambaye miezi michache nyuma alipata mzio, akawa anafikicha macho kutwa nzima. Daktari alimwandikia siku kumi. Zilipoisha, dawa ilibaki.

Mama alijidondoshea tone moja kila jicho. Asubuhi macho yalikuwa meupe.

Chupa ilipoisha, alimtuma binti duka la dawa na boksi tupu. "Shikamoo. Mama anasema anaomba nyingine kama hii." Muuzaji akaitoa, akapokea shilingi elfu tatu, hakuuliza cheti wala nani anaumwa. Januari ikapita, na Februari. Sare ziliisha, matone hayakuisha. Machi alikuwa kwenye chupa ya nne, na ndipo alipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Alikwenda kliniki ya macho akiamini anahitaji miwani tu. Na kweli aliihitaji. Mtu akishavuka miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kazi ya karibu huwa ya kujilazimisha. Sehemu ya ule uchovu aliokuwa akiumwagia dawa ilikuwa ni hiyo. Lakini kabla ya miwani, muuguzi alimpima presha ya macho. Kwa kawaida husoma kati ya 10 na 21. Jicho lake la kulia lilisoma 31, la kushoto 28.

"Mama, kuna dawa yoyote unatia machoni?"

"Ya kawaida tu, ya uchovu."

"Unayo hapo?"

Alikuwa nayo kwenye pochi, pamoja na futi yake ya kupimia. Muuguzi aligeuza boksi, akaweka kidole kwenye neno lililoandikwa kwa herufi ndogo: Dexamethasone.

Hiyo ni steroidi. Inatuliza uvimbe na wekundu haraka sana, ndiyo maana madaktari huiandika kwa mzio mkali au baada ya upasuaji, kwa siku za kuhesabu na kwa kumfuatilia mgonjwa. Kwa baadhi ya watu, watoto wakiwamo, ikitumika wiki kadhaa mfululizo maji ya ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri na presha hupanda. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huharibika taratibu, uoni huanza kuliwa kutoka pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Mtaani ugonjwa huo huitwa presha ya macho, hospitalini ni glaukoma. Steroidi hiyohiyo, ikizoeleka, inaweza kuleta pia mtoto wa jicho.

Lugha nayo imechangia. "Dawa ya macho" ni jina moja kwa vitu visivyo na undugu. Kuna antibiotiki, kuna steroidi, kuna mchanganyiko wa hizo mbili, kuna za mzio. Kuna za kung'arisha macho, ambazo hubana mishipa ya damu ili jicho lionekane jeupe, na zikitumika siku nyingi wekundu hurudi kwa nguvu zaidi. Jicho lililochoka na kukauka linahitaji kitu kingine kabisa, machozi ya bandia, ambayo kazi yake ni kulowanisha tu.

Maana kukauka kwenyewe hakuna siri kubwa. Mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara kope hutandaza machozi mapya. Akikazia macho simu au mshono, anapepesa mara chache zaidi. Feni inamalizia kilichobaki.

Machozi ya bandia aliyoandikiwa yalikuwa bei mara tatu ya ile chupa ya kwanza. "Yaani ya kulowanisha ni ghali kuliko ya kutibu?" aliuliza, na hakuna aliyempa jibu la kueleweka. Muuguzi alimwonyesha namna ya kutia: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu, kwa kuwa la pili litaishia shavuni, na ncha ya chupa isiguse kope. Chupa yenye kemikali ya kuhifadhi dawa isitumike zaidi ya mara nne kwa siku, na ikishafunguliwa, itupwe baada ya wiki nne hata kama imebaki nusu. Kila mtu na chupa yake. Na siku jicho likiuma kweli, likiogopa mwanga, likitoa usaha au likianza kuona ukungu, asipite duka la dawa, aende moja kwa moja hospitali.

Steroidi alisimamishiwa na daktari, akapewa matone mengine ya kushusha presha. Mwezi mmoja baadaye kipimo kilisoma 22 na 19.

Feni sasa inapuliza miguuni. Tarehe ya kufungua chupa aliiandika kwa chaki ya fundi, ikafutika siku hiyohiyo. Binti akachukua kalamu ya wino mzito akaandika upya: "Ya Mama. 14 Aprili." Juni amepangiwa kurudi kliniki kupimwa uoni wa pembeni.