Bwana Dick na Kishada Chake

Kila tusomeshapo riwaya ya Charles Dickens, David Copperfield (1849–1850), wanafunzi hucheka wafikapo kwa Bwana Dick. Mzee huyu hawezi kuumaliza waraka wake, kwani kichwa cha Mfalme Charles wa Kwanza, kilichokatwa mwaka 1649, hujipenyeza humo kila mara. Karatasi zilizoharibika huzigeuza kishada, akakirusha angani.

Nasi tulikuwa tukicheka pamoja nao, hata mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma hakucheka. Baadaye alitwambia kuwa kaka yake yu hivyo hivyo, na nyumbani haulizwi neno. Tuliona haya, tukakirudia kitabu. Kumbe Bi Betsey Trotwood humtaka shauri yeye katika kila jambo zito! David alipofika Dover kwa miguu, mchafu, nguo zimemchakaa, Bwana Dick alisema aogeshwe. Na ni yeye, si wenye akili zao, aliyewapatanisha Daktari Strong na mkewe.

Siku hizi, kabla ya kulisoma jibu lake, sisi huwauliza wanafunzi wangemtendea nini mtoto yule. Wengi hutaja polisi, shule, hata urithi. Aghalabu hakuna atajaye maji.