Lita Moja Inafika Wapi: Barua kwa Mpwa Wangu

Lumuma, Kilosa

Mpwa wangu,

Ujumbe wako umefika na picha za gari nimeziona. Mama yako kaziona pia, kasifu rangi. Mimi rangi sina neno nayo. Lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu ni yale maneno ya muuzaji, kwamba hiyo Toyota IST "inanusa tu mafuta," lita moja kilomita 18, na kwa hesabu hiyo unaona utakuwa unakuja huku kila mwisho wa mwezi bila kuumia.

Hiyo 18 hakuiokota njiani, imetoka kwenye makaratasi ya Japani. Magari ya miaka ile yalipimwa huko kwa kipimo kinachoitwa 10-15. Gari linawekwa juu ya rola ndani ya jengo, linaendeshwa dakika 11 hivi kama mtu anayekatiza mjini, kilomita 4 na kidogo, mwendo wa juu kabisa 70, kiyoyozi kimezimwa. Hakuna upepo wa mbele, hakuna mlima, hakuna gunia la vitunguu nyuma. Na hata kwenye vipimo vya namna hiyo wapo waliodanganya: Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri yenyewe kwamba takwimu za mafuta za magari madogo 625,000 zilichezewa. Wajapani wenyewe walikwisha kuacha kipimo hicho cha zamani wakaweka kikali zaidi, wakijua wenye magari hawazipati namba zile barabarani. Sasa wewe wa Morogoro utazipata wapi?

Mlima peke yake ungekutosha kuwa somo. Kupandisha tani moja mita 1,000 kwenda juu kunataka karibu lita nzima ya petroli, mbali na ile ya kulisogeza gari mbele. IST ikiwa na watu wanne na mizigo inapita tani moja. Halafu njia yetu unaijua. Ukishaiacha Kilosa unakwenda gia ndogo muda mrefu, unakanyaga, unashika breki kwenye korongo, unakanyaga tena. Wakati wa masika tairi linazunguka kwenye matope, injini inanguruma na kilomita haisogei. Ukipata 10 au 11 kwa safari nzima, kwenda na kurudi, hilo ni gari zima, usilipeleke kwa fundi. Ukipata 7, lipeleke.

Piga hesabu kwa shilingi. Chukua bei ya 3,000 kwa lita, kwa mfano tu, na safari ya kilomita 500. Kwa ile 18 ya muuzaji utatumia kama 83,000. Kwa 11 utatumia zaidi ya 136,000. Hiyo 53,000 katikati ndiyo itakayokufanya uanze kuniambia mwezi huu mambo ni magumu, mjomba, nitakuja mwakani.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, acha niliseme. Mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021/22 ikaongeza 100 nyingine kwa lita, kwa ajili ya barabara za TARURA za vijijini. Nia ni njema na wala sitaki uje hapa kubishana na mtendaji wa kata. Ila fikiri: mwenye gari la aina moja na lako, anayetembea kwenye lami, anachoma lita moja pale unapochoma lita moja na nusu. Kwa hiyo kwa kila kilomita wewe wa njia mbovu unachangia ujenzi wa barabara zaidi kuliko yeye. Nimelisema hilo kwenye mkutano wa kijiji, wakacheka, lakini hakuna aliyenikosoa hesabu.

Namba ya kweli utaipata hivi. Siku hizi ninyi vijana mnaingia sheli mnasema "weka ya elfu ishirini," mnaondoka. Mtu wa hivyo hawezi kujua gari lake linakula nini; anajua tu pesa imekwisha. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe. Rudisha kipimo cha safari kwenye dashibodi kiwe sifuri. Tembea mpaka tenki lifike nusu au chini zaidi, rudi sheli ileile, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 300 kwa lita 27 ni 11. Fanya hivyo kwa njia ya mjini na kwa njia ya huku, kila moja na hesabu yake, wala usizichanganye. Bei kikomo EWURA huitoa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kila wilaya na yake, na kwenye simu unaipata kwa *152*00#. Petroli ya chupa za barabarani iache. Bei ni ya mwenyewe, ujazo ni wa chupa, na kilichomo anakijua Mungu.

Kuhusu kuendesha nitakwambia machache. Usishuke milima yetu kwa kuachia fri. Wazee wa malori walitufundisha hivyo wakiamini wanaokoa mafuta, na kwa injini za kabureta labda ilikuwa kweli kidogo. Hizi za EFI, ukiachia pedeli gari likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga injekta, unashuka bila kuchoma tone. Ukiweka fri, injini inaanza kunywa ili isizimike, na breki zako zinaungua. Weka gia ndogo, shuka taratibu.

Ukipita hifadhi ya Mikumi utakuta 70 mchana na 50 usiku, na faini za kugonga wanyama zimeandikwa ubaoni, kila mnyama na bei yake. Madereva wananung'unika. Mimi nakwambia kwenye kilomita hizo 50 ndipo IST itakufurahisha kuliko mahali popote, maana huo ndio mwendo inaoupenda. Ukitoka pale ukapanda kutoka 80 hadi 100, upepo unakukaza zaidi ya mara moja na nusu. Kwa hiyo tochi ya trafiki inakulinda mfuko pia. Pima upepo wa tairi kila wiki, na keria ya juu ifungue usipobeba kitu.

Umetaja gesi. Ni rahisi kweli kwa wanaozunguka Dar es Salaam, wanakojaza kila siku. Wewe ukija huku utabeba mtungi mtupu na kurudi nao mtupu, na buti lako ndilo tulilokuwa tunalitegemea kwa vitunguu.

Safari za Dar usiende na gari. Treni ya SGR inabeba abiria tangu 2024 na inasimama Morogoro na hata Kilosa. Sisi tulioishi miaka ya 1980, wakati gari binafsi haliruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali kwa sababu nchi haina mafuta, hatuoni aibu kuliacha gari nyumbani.

Kuhusu mchango ulioniomba wa kununulia gari, sijakataa. Vitunguu vikitoka nitatuma. Ila kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji mjaze tenki kwa gharama yako, mwende mpaka Mikumi na kurudi, mjaze tena palepale. Akikubali, nitumie namba mliyoipata, hata ikiwa ndogo. Akikataa nijulishe, hapo Mikumi yupo mtu anauza Probox ya dizeli, imechakaa milango, lakini daftari lake la mafuta analo tangu aliponunua.

Mjomba wako