Waliolea Wakiwa Watoto

Kizazi ninachokizungumzia sasa kina miaka arobaini na kitu, wengine wameshavuka hamsini. Kwenye shughuli ya ukoo utawatambua upesi. Ndio wanaosimama kupakua chakula wenzao wakiwa wamekaa, na ndio wanaokosa usingizi mdogo wao asipopokea simu. Wamelea wadogo zao tangu wakiwa na miaka tisa au kumi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kazi ile imekwisha.

Nilifundisha shule za msingi Dar es Salaam miaka mingi, kwa hiyo wengi wamepita mbele ya daftari langu la mahudhurio. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita ya Kagera ilikuwa imeiacha nchi hoi, maduka yalikuwa matupu, na baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, mengi tuliyozoea kuyapata bure yakaanza kulipiwa. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa na watu wakapunguzwa kazini. Wapo akina baba waliorudi na kiinua mgongo, nacho kikaishia kwenye gongo. Wapo akina mama waliochoka wakaondoka, na wengine walibaki lakini ni kama hawapo.

Hata hivyo tusisingizie shida peke yake. Katika mtaa uleule, kwa mshahara uleule, nyumba moja watoto walikunywa uji kabla ya kwenda shule, na nyumba ya pili hawakujua baba kalala wapi. Aliyekataa kulea alikuwa mzazi, si umaskini.

Katika nyumba ile ya pili ndipo alipokuwapo dada au kaka ninayemsema. Alikopa unga dukani kwa Mangi akisema mama atapita kulipa, huku akijua mama hatapita. Aliifahamu hali ya baba kwa namna alivyogonga mlango. Mgeni akiuliza wakubwa wako wapi, jibu lilikuwa tayari: "Wametoka, wanarudi sasa hivi." Darasani alifika kengele imeshalia, amechoka, lakini mdogo wake wa darasa la kwanza alikuwa amenawishwa uso na vifungo vyake vyote vimefungwa. Kikao cha wazazi kilipoitishwa, alikuja yeye, akakaa kwenye benchi la nyuma kati ya watu wazima.

Najua msomaji atasema: mbona sote tulibeba wadogo zetu mgongoni? Kweli, tulibeba, tukasonga ugali, tukachota maji. Hayo ni malezi mema na sitaki yapotee. Tofauti ni kwamba nyuma yetu alikuwapo mtu mzima. Mtoto akiugua usiku tulimwamsha mama. Mtoto wa nyumba ile hakuwa na wa kumwamsha. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Nasi wakubwa wa mtaa tulifanya nini? Tulimsifu. "Mtoto ana akili ya utu uzima huyu!" Sifa ile ilikuwa rahisi kwetu, kwa sababu aliyesifiwa hakuhitaji kusaidiwa. Yatima wa wakati ule, UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wazazi, angalau alikuwa na jina na watu walimhurumia. Mwenye wazazi wote wawili wazima hakuwamo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Gharama alilipa yeye. Wapo waliofaulu darasa la saba wasiende sekondari, maana mdogo angebaki na nani? Tena tusiwafanye malaika. Mlezi wa miaka kumi na miwili hana subira ya mzazi. Alipiga, alifoka, pengine alimnyima mdogo chakula ili kumwadhibu. Baadhi ya wadogo wamekua na kinyongo naye kikubwa kuliko walicho nacho kwa baba na mama, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona kila siku. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa kupita zote: aliyekuwapo kubeba lawama za waliokimbia.

Halafu posa ya mdogo ikaja. Kwetu Pwani hutengwa kilemba cha baba na mkaja wa mama, na siku hiyo hata aliyepotea miaka kumi na mitano huijua njia ya nyumbani. Nimeshuhudia mzazi wa namna hiyo akipokea fungu lake kwa mikono miwili, na dada aliyemlea bibi harusi yuko jikoni anapepeta mchele. Sisemi mzazi avunjiwe heshima. Nasema ukoo wenye haki ungemwita dada yule ukumbini, ukamtaja kwa kazi aliyoifanya, na ukamkatia fungu lake mbele ya watu.

Watoto wa namna hii bado wapo, na leo hatuna kisingizio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake anapojua kuwa mzazi mwenye uwezo anapuuza kumtunza mwanawe. Afisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Kwa hiyo, jirani, ukimwona mtoto anamlea mtoto mwenzake, usiishie kumsifu. Uliza mkubwa wa nyumba ile yuko wapi, na usipopata jibu la maana, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nawe uliyelelewa na dada au kaka, kama yungali hai, mshukuru kwa maneno, kisha mwambie umeshakua, apumzike.